Steringi mkulima, picha bomu

Nimepotea siku nyingi, TP imenibana. Niko huku Singida, vumbi, upepo na alizeti. Ila kuku wa huku msinitanie, watamu balaa!

Leo nina hasira na picha moja, In the Name of the King ya mwaka 2007, ya yule Mjerumani Uwe Boll. Imetolewa kwenye gemu ya kompyuta, Dungeon Siege ya 2002. Kwenye gemu unaanza mkulima tu, kijiji kinavamiwa na madude yanaitwa Krug, unashika silaha, na kadiri unavyoitumia ndivyo unavyozidi kuwa mkali. Raha yake ndiyo hiyo, unakua.

Boll kampa kazi Jason Statham, kamwita Farmer (yaani Mkulima ndilo jina, jamani!), mtoto kauawa, mke katekwa, na jamaa anarusha bumerangi. Mkali tangu mwanzo, sasa atakua nini? Ray Liotta eti mchawi, mimi namwona ni yule yule jambazi wa Goodfellas. Halafu inagundulika mkulima ni mtoto wa mfalme! Hapo ndipo walipoharibu kabisa. Kwani mkulima hawi shujaa mpaka awe na damu ya kifalme? Bajeti inatajwa dola milioni 60, kumbi zikarudisha kama milioni 13. Stahili yao.

Nikawaambia hivyo vijana wangu wa kidato cha pili. Wakanigomea! Wao waliiona kwenye banda la video, imetafsiriwa na DJ, ule mtindo wa akina Lufufu na DJ Mack. Dogo mmoja akaisimulia yote, nani kamsaliti nani na kwa nini, vitu ambavyo mimi niliyeangalia ya Kiingereza sikuvipata. DJ kaishona upya.

Kilichoniuma siyo picha tena. Dogo huyo huyo kwenye Historia hafungui mdomo. Namfundisha Majimaji kwa Kiingereza, ananakili ubaoni, basi. Wakulima wamekataa pamba ya Mjerumani mwaka 1905, stori kali kuliko ya Boll mara mia, na mimi ndiye ninayeiua.

Utaratibu ni Kiingereza, najua, na mhadhiri wa kutukagua anakuja Jumatano. Ila Jumatatu madaftari yanafungwa, Kinjekitile anasimuliwa kwa Kiswahili, na DJ ni dogo. Wa kitivo cha elimu, mnasemaje?