Kabla Kabrasha Halijachapwa



Msimu wa mikutano mikuu ya mwaka ukifika, ofisi zetu huwa na pilikapilika. Vyama vya akiba na mikopo, vyama vya ushirika, hata shule, vyote vinaandaa makabrasha ya kuwatumia watu wao. Ni jambo jema, maana mwenye mali ana haki ya kujua mali yake inaendaje.

Lakini je, katika makabrasha hayo, mangapi yatasomwa?

Tupige hesabu pamoja. Karatasi ya kawaida ya A4 ina uzito wa gramu 5. Kabrasha la kurasa 40, likichapwa upande mmoja, ni gramu 200. Chama chenye wanachama 5,000 kitatuma tani nzima ya karatasi, yaani rimu 400! Kikichapa pande zote mbili, rimu 200 zinabaki stoo, na mzigo wa posta unapungua nusu.

Rimu hizo ni miti, maji, umeme na mafuta ya malori. Tena zimenunuliwa kwa michango yetu wenyewe.

Mama wa nyumbani hapimi mchele kabla ya kujua nani anakula. Nasi tuulize kwanza, ndipo tuchape.

Ndugu yangu wa masjala, bahasha ikirudi kwa sababu mwenyewe amehama au ametangulia mbele ya haki, tafadhali rekebisha daftari siku hiyohiyo. Baba, mama na kijana wao wanatumia sanduku moja la posta? Waulize kama nakala moja itawatosha.

Nawe katibu, huenda karatasi moja yenye tarehe, ajenda na muhtasari wa hesabu ikatosha kwa wengi. Kabrasha kamili liwekwe tawini, na atakaye apewe bila kusumbuliwa. Bahasha nazo ziwe za karatasi tupu, zisizo na kidirisha cha plastiki.

Tusiwasahau wazee wetu wenye simu za kitochi. Babu anayependa barua yake aendelee kuipata, na ichapwe kwa herufi kubwa asihangaike na miwani.

Na wewe uliye nyumbani, je, chama chako kina namba yako ya sasa? Ujumbe wa simu ungekutosha? Sema, kwani karani hawezi kubahatisha. Karatasi zilizokwisha kazi, watoto wafanyie hesabu upande mweupe. Zile zenye namba ya akaunti au mshahara, zichane vipandevipande, zisije zikafungiwa maandazi gengeni.

Basi wiki hii, chukua barua ya mwisho uliyoletewa na taasisi yoyote. Jina ni sahihi? Anwani je? Unaihitaji tena mwakani? Jibu lolote utakalopata, lifikishe ofisini kwao kabla hawajaagiza karatasi za mwaka ujao.