Tuogope pua ya Samantha ao macho ya jirani?



Siku hizi kuna mabishano katika shule yetu. Wengine wanataka tuonyeshe filme za zamani za televizio jioni ya siku ya posho, na kati yake ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa Ma sorcière bien-aimée. Wengine wanakataa kabisa. Wanasema: filme ya mulozi ndani ya shule ya kanisa? Hapana!

Siku ya mukutano mimi sikusema kitu. Niliipenda sana filme ile nilipokuwa mutoto, lakini ilikuwa miaka mingi sijaiona. Basi nikarudi nyumbani, na kwa muda wa wiki mbili nikaiangalia tena pamoja na watoto wangu. Leo ninatoa mawazo yangu. Ninawaomba munisome mpaka mwisho.

Kwa wale wasioijua: ni filme ya Wamarekani. Ilianza kule kwao tarehe 17 Septemba 1964, ikaisha tarehe 25 Machi 1972, vipande 254 kwa jumla. Miaka 2 ya kwanza haikuwa na rangi. Wafaransa walianza kuionyesha kwa luga yao mwaka 1966. Habari yake ni hii. Samantha anaolewa na bwana wa kawaida, mwenye kutumika katika ofisi ya matangazo. Usiku wa arusi anamwambia bwana yake kwamba yeye ana nguvu za uchawi. Bwana anamwomba aziache, aishi kama wanawake wote: apike, afue, afagie. Samantha anakubali. Lakini kazi ikimushinda, ao mama yake Endora akileta matata, anatikisa pua kidogo, na palepale sahani zote ni safi.

Musifikiri Samantha ni mulozi namna siye tunavyosema neno hili. Mulozi wa kwetu anakula watu. Samantha hali mutu. Kifaransa kina neno moja tu, na neno lile lilipofika huku likavaa nguo za kwetu. Tutaona mbele matata iliyotoka pale.

Mimi niliiona mwaka 1995, nikiwa na miaka 9. Kwetu hapakuwa televizio. Jirani mumoja alikuwa na mutambo wa videyo na kasete ambazo ndugu yake alimutumia toka Ubeljiji. Kila siku ya Mungu, kiisha ibada, watoto wote wa njia yetu tulikaa chini kwenye simenti, wakubwa nyuma yetu kwenye viti. Umeme ukikatika, tulilia. Mimi na rafiki yangu mumoja tulijifunza kutikisa pua. Siku moja tulikaa mbele ya sahani ya bukari iliyokwisha, tukatikisa pua ili ijae tena. Haikujaa. Tulicheka mpaka mama akatufukuza inje.

Sasa, kuiangalia tena na macho ya mutu mukubwa ni kitu kingine.

Kwanza nimeona kwamba si pua yenyewe inayotikisika. Ni mudomo wa juu. Tena nimejua namna vitu vinavyopotea: mwenye kucheza anasimama imara, mikono juu, kamera inasimama, wafanyakazi wanakuja kuondoa vitu, kiisha kamera inaanza tena. Ni kazi ya mikono. Tena mwaka 1969 bwana wa Samantha anabadilika sura, kwa sababu Dick York aliyemucheza aligonjwa mugongo, na Dick Sargent akashika fasi yake. Ndani ya filme hakuna mutu anayeshangaa! Siku zile siye watoto tuliamua kwamba huo ndio uchawi mukubwa kuliko wote.

Lakini kuna mutu mumoja ambaye zamani sikumutazama sana, na sasa sikuweza kuacha kumutazama. Ni Madame Kravitz, jirani wa ngambo ya njia. Kazi yake ni dirisha. Anafungua rido kidogo, anachungulia, anaona kitu kinaruka hewani kwa Samantha, anapiga kelele kumwita bwana yake. Bwana anakuja pole pole. Akifika, kila kitu kimerudi fasi yake. Anamwambia bibi yake anywe dawa, kiisha anarudi kwa gazeti lake.

Wasomaji, muangalie vizuri. Kicheko cha filme hii kinasimama juu ya jambo moja: hakuna mutu anayemusadiki Madame Kravitz. Kama bwana yake angemusadiki mara moja tu, kama angetoka kuita majirani, kartié yote ingekuja mbele ya mulango wa Samantha na mawe katika mikono. Hapo hakuna mutu angecheka tena.

Na huku kwetu, Madame Kravitz anasadikiwa.

Siku ya nne ya kuangalia filme, mutoto wangu wa kike alianza kutikisa pua kwa meza, mbele ya chakula. Nikapiga kelele: "Acha!" Wote wakanyamaza. Mama yao akaniuliza nina nini. Sikujibu. Ninajibu leo.

Rafiki yangu yule wa kutikisa pua, mama yake alikufa mwaka 1998. Akachukuliwa na baba yake mudogo, katika lupango karibu na lwetu. Miezi haikupita mingi, mutoto mudogo wa nyumba ile akagonjwa homa. Wakaita mutu wa maombi. Akasema kuna mulozi ndani ya lupango. Kiisha wakatuita siye watoto. Wakaniuliza: "Wewe uliyecheza naye, hukuona kitu?"

Nilikuwa na miaka 12. Niliogopa kwamba wakikosa mulozi ndani ya nyumba ile, watamutafuta kwetu. Nikasema: "Nilimuona anatikisa pua mbele ya chakula."

Neno lile halikuwa uongo. Lilikuwa nusu ya kweli. Nusu ingine niliimeza: kwamba mimi vilevile nilitikisa yangu, kwamba ulikuwa muchezo, kwamba ni filme. Na wakubwa waliokuwa pale, wengi wao waliiangalia filme ile pamoja nasi, wakicheka. Hakuna aliyekumbuka. Ao hakuna aliyetaka kukumbuka.

Walimufungisha chakula siku 3. Walimupiga. Kiisha wakamutosha inje. Kwa muda alilala sokoni, chini ya meza za wauzaji, na mimi nilipita njia ingine ili nisikutane naye. Kiisha akapotea. Mutoto mugonjwa alipelekwa kwa dispensere, akapewa dawa ya malaria, akapona. Hakuna mutu aliyekwenda kumutafuta rafiki yangu na kumwambia: tulikosea.

Ndiyo sababu ninasema: tusiogope pua. Tuogope dirisha, na tuogope kinywa cha mwenye kusimama kwenye dirisha.

Wenye kutengeneza filme walijua jambo hili. Katika kipande kimoja cha Novemba 1967, nguvu za shangazi muzee zinawarudisha Samantha na watu wake zamani sana, kwa Wapuritani wa Plymouth. Bwana yake anawasha kibiriti. Watu wale hawajaona kibiriti. Palepale wanamushitaki ulozi. Munaona? Katika nyumba ile yote, anayeshitakiwa ni yule asiye na uchawi wowote! Na anayesimama kumutetea ni Samantha. Nilipokuwa mutoto nilicheka kibiriti. Sasa ninaona mutu aliyekaribia kufa kwa sababu alikuwa na kitu ambacho wengine hawakukijua.

Mwaka 1970 walikwenda kupiga picha za vipande vingine katika muji wa Salem. Mwaka 2005 sanamu ya Samantha ilisimamishwa katika muji ule, na wenyeji wengine hawakufurahi, kwa sababu Salem ina habari ambayo si ya kuchekesha. Mwaka 1692 watu 19 walitundikwa kule kwa shitaka la ulozi, na muzee mumoja akakandamizwa na mawe mpaka akafa. Mutoto mumoja wa kike, Dorothy Good, ambaye hakupita miaka 5, alifungwa katika gereza na minyororo, na mama yake akatundikwa. Wale walioshitaki wa kwanza walikuwa watoto wa kike, na wawili walitoka ndani ya nyumba ya muchungaji.

Wapagano walifanya vile? Hapana. Ni Waprotestanti kama siye. Walisoma Biblia kila siku, waliomba, walifunga. Walikubali ndoto na maono kuwa ushuhuda mbele ya waamuzi.

Kati ya watoto wale alikuwa Ann Putnam, mwenye miaka 12, sawa mimi siku ile. Mwaka 1706, akiwa mwanamuke mukubwa, alisimama kanisani, na muchungaji akasoma mbele ya watu wote maungamo yake: kwamba alisaidia kuua watu wasio na kosa, na kwamba anaomba musamaha kwa Mungu na kwa jamaa zao. Miaka 14 ilikwisha kupita. Mimi nimechelewa kuliko yeye.

Najua mutaniambia: "Mwalimu, lakini Madame Kravitz hakukosea. Samantha alikuwa na uchawi kweli." Ni kweli. Katika filme, siye wote tunaingia ndani ya nyumba na tunaona. Lakini huku kwetu nani aliingia? Nani aliona? Tunasikia ndoto ya mutu, homa ya mutoto, yatima anayekojoa kitandani, muzee wa kike mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka 50. Tena hata Madame Kravitz, mwenye kuona kweli, aliona kosa gani? Aliona sahani zinazojiosha.

Wengine watafungua Kutoka 22. Wafungue vilevile Kutoka 20, pale Mungu anapokataza kumushuhudia jirani uongo. Wafungue Kumbukumbu la Torati 19, panapoombwa washahidi wawili ao watatu, na mushahidi wa uongo anapewa azabu ileile aliyomutakia mwenzake. Wafungue Matayo 18. Yesu alimuweka mutoto katikati ya wakubwa. Hakumuweka pale ili wakubwa wamushitaki.

Na inchi yetu imesema. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kushitaki mutoto kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mutoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, na faini, kwa mutu anayemutesa mutoto rohoni kwa shitaka hilo. Mwaka 1998 sheria hizi hazikuwako. Leo ziko. Lakini sheria haikai kwenye meza wakati jamaa inapokutana usiku. Anayekaa pale ni wewe, mwanafunzi, na watakuuliza: "Hukuona kitu?"

Basi mawazo yangu ni haya.

Filme hii ionyeshwe. Kuificha hakutafanya mulozi mumoja apungue, na hakutafanya jirani mumoja afunge dirisha lake. Lakini isionyeshwe kama kicheko tu. Kiisha kila kipande, tuweke nusu saa ya kuzungumuza, na muchungaji wa shule awe pale. Tuulize: Madame Kravitz aliona nini? Alifikiri nini? Kati ya vitu hivi viwili kuna njia ya urefu gani?

Na ninyi wanafunzi, siku mukiulizwa juu ya mwenzenu, museme kweli yote, hapana nusu. Kama ulicheza naye, sema: "Tulicheza." Kama uliota, sema: "Niliota." Kama haujui, sema: "Sijui," hata wakubwa wakikasirika. Kiisha ukuje kwa mwalimu unayemutumaini, siku ileile, usingoje kesho. Mwanafunzi akikosa kuonekana darasani siku mbili kiisha kilio kwao, muende kumutazama. Mimi nilipita njia ingine. Ninyi mupite ileile.

Rafiki yangu, kama uko mahali fulani na gazeti hili likufikie kwa bahati, ujue kwamba nimesema sasa ile nusu iliyobakia: tulikuwa wawili mbele ya sahani ile. Ninaomba musamaha.

Mutoto wangu wa kike angali anatikisa pua. Nimemwambia aendelee.

Mungu awabariki wote.

Mwalimu mumoja wa shule yenu