Hayabusa ya mwaka gani? Muulize atakayekaa nyuma

Kama unanisoma ndani ya daladala umebanwa dirishani, vumilia tu, tutafika.

Wiki hii nilivamiwa nyumbani. Shemeji yangu mtarajiwa, yule anayetaka kumwoa mdogo wangu, alikuja jioni, na hata chai hajaigusa akaanza: "Shemeji, nimepata visenti kidogo. Nataka Hayabusa ya mtumba. Wewe unazijua hizi, niambie nichukue ya mwaka gani."

Ugonjwa huu naujua ulikotoka. Ni ile filamu ya Kihindi, Dhoom, ya mwaka 2004. John Abraham anaiba, anawakimbia polisi, na chini yake kuna Suzuki Hayabusa. Vijana wa mtaani kwetu tulitoka kwenye kibanda cha video tunaendesha pikipiki za hewa, mdomo ndio injini. Na mimi nilikuwemo, sikatai.

Kwa hiyo nilijibu bila hata kumeza mate: "Chukua ya 1999. Nyingine zote ni makombo."

Nikampa na sababu. Kabla ya Hayabusa, mbabe wa mwendo alikuwa Honda CBR1100XX, iliyoitwa Super Blackbird, yaani ndege mweusi. Mwaka 1999 Suzuki wakaja na yao, wakaipa jina la Kijapani la kozi, ndege anayeishi kwa kula ndege wenzake. Hilo lilikuwa dongo, bwana! Injini cc 1,299, nguvu za farasi 175. Waandishi wa magazeti ya pikipiki waliipima wakakuta inapita kilomita 300 kwa saa. Mita yake ya spidi iliandikwa mpaka 350.

Basi Ulaya ikaanza minong'ono kwamba pikipiki za namna hii zipigwe marufuku. Watengenezaji wakaona heri wajifunge wenyewe kabla hawajafungwa na serikali. Mwaka 2000 wakaelewana kiungwana kwamba mwisho uwe kama kilomita 300 kwa saa. Hayabusa za 2001 zikatoka zimeshafungwa spidi.

"Umeona?" nikamwambia. "Ya 1999 ndiyo yenyewe, haina kamba mguuni."

Shemeji anacheka peke yake, tayari yuko Bagamoyo kwa mawazo. Mdogo wangu alikuwa mlangoni anamenya viazi. Akauliza taratibu: "Na mimi nitakaa wapi?"

"Nyuma yangu, mama, wapi tena?"

Msomaji wangu, hapo ndipo moyo ulipofanya paa! Kwa sababu kuna kitu nilikuwa nakijua na nilikuwa sijakisema.

Pikipiki ina fremu kubwa inayobeba injini, halafu ina fremu ndogo ya nyuma inayobeba kiti. Dereva akiwa peke yake, hiyo ya nyuma haina kazi kubwa. Anayeitegemea hasa ni abiria. Sasa, Hayabusa za 1999 na 2000 zilitengenezwa fremu hiyo kwa aluminiamu ili pikipiki iwe nyepesi. Ikaja kuonekana kwamba baadhi zinakatika, hasa zikibebeshwa abiria na mizigo kupita kiasi, au mwenyewe akibadilisha bomba la moshi na kuweka la kwake. Suzuki wakalisahihisha jambo hilo. Kuanzia 2001 wakaweka chuma. Uzito ukapanda kidogo. Kama mfuko wa unga tu.

Kwa maneno mengine, mwaka uleule nilioupigia debe kwa sababu ya mwendo ndio ambao sehemu aliyokuwa akae mdogo wangu haikuwa imara vya kutosha. Nikajiona fala.

Ikabidi nile matapishi yangu. Nikamwambia: "Shemeji, futa yote niliyosema. Tuanze upya. Hiyo 300 utaikimbilia wapi? Mjini mwisho wetu ni 50, na bado kuna matuta, bodaboda, na mbuzi asiye na habari. Kilichofungwa mwaka 2001 hutakitumia hata siku moja. Kilichobadilishwa mwaka 2001 utakitumia kila siku atakapopanda mke wako."

Akanuna kidogo, lakini akasikiliza. Nikampangia hivi, nawe kama una visenti vyako weka akilini.

Za 1999 na 2000 ni za mtu anayependa historia na anaendesha peke yake. Mwache anunue, aioshe Jumapili, tumpigie picha.

Za 2001 mpaka 2007 ni sura ileile ya kwenye Dhoom, injini ileile, ila nyuma ni chuma. Kwa anayetaka ile ya zamani na ana mtu wa kumbeba, chaguo ni hili.

Mwaka 2008 Suzuki wakabadilisha sura na kuongeza injini ikawa cc 1,340. Mwaka 2013 wakaipa breki za mbele za Brembo na mfumo wa ABS unaozuia gurudumu lisigande ukishika breki kwa nguvu. Pesa ikiruhusu, mimi ningemlipia mdogo wangu hizo breki kabla ya kitu kingine chochote. Toleo la 2021 nalo lipo, lakini hilo si la mitumba ya watu wa aina yetu.

Jumamosi tukaenda kuiona moja, mimi, shemeji, mdogo wangu na fundi wetu. Muuzaji, kijana mwenye miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba, akaapa kwamba ni ya 2003. Kadi je? Eti iko kwa kaka yake, kaka yake kasafiri. Nyuma ilifungwa sanduku la mizigo kubwa kama kabati, na bomba la moshi lilikuwa si lake, ukiiwasha watoto wa jirani wanalia.

Fundi hakubishana naye. Akafungua kiti, akatoa mfukoni sumaku ya spika mbovu, akaibandika kwenye fremu ya nyuma. Ikaanguka. Akahama boliti, akajaribu upande wa pili. Ikaanguka tena. Kama unavyojua, sumaku hushika chuma, aluminiamu haina habari nayo.

"Labda sumaku yako mbovu," muuzaji akasema.

Fundi akaibandika kwenye mlango wa geti. Ikashika mpaka kuing'oa ikawa kazi.

Tukamtazama shemeji. Mwenzenu alikuwa ameishika usukani, mkono unatetemeka kwa mapenzi, na naapa kama tungekuwa wawili tu angelipa. Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama kando, helmeti mpya mkononi, hasemi kitu. Shemeji akamwangalia, akaangalia kile kiti kilichofunguliwa, akaachia usukani. "Twendeni," akasema. "Tutafute ya chuma."

Nilikuwa na mashaka na huyu bwana, msomaji wangu, nisikufiche. Siku ile nikaona dada yangu kapata mtu. Bado anatafuta Hayabusa yake, na kila akipigiwa simu na dalali, la kwanza analouliza ni kama amefika na sumaku.

Nawe unayetafuta pikipiki ya ndoto zako, usiulize tu ni mwaka gani ilikimbia zaidi. Uliza ni mwaka gani walirekebisha kilichokuwa kinakatika, halafu uliza nani atakaa nyuma.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, na ukipanda, vaa helmeti!