Hesabu ya Serengeti yamwondolea fisi lawama

Kichaa cha mbwa kinapozuka vijiji vya karibu na mbuga, lawama humwendea fisi na mbweha. Sisi tuliosoma ukimbizini Karagwe tulikua tukisikia hivyo. Lakini watafiti wa Serengeti, nchini Tanzania, walipiga hesabu wakapata jibu jingine, nalo linamhusu pia mfanyabiashara wa mifugo wa Rusumo.

Walifuatilia nani alimng'ata nani, kijiji hadi kijiji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 na 2009 yalionyesha kwamba wanyamapori huambukizwa na kufa, ila kwao mnyororo hukatika mapema. Anayeuendeleza ni mbwa wa nyumbani. Kwa wastani mbwa mmoja mgonjwa huambukiza wengine 1.2 hivi: wagonjwa 10 huleta 12, hao 12 huleta 14. Wastani ukishuka chini ya 1, ugonjwa huzimika.

Wanafunzi wangu waliniuliza mara moja: kumbe ukichanja mbwa 1 kati ya 6, wagonjwa 10 wataleta 10 tu, mbona Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70? Sababu ni kwamba mbwa wetu hawaishi sana. Mwakani wengi waliochanjwa watakuwa wamekufa, na nafasi zao zimechukuliwa na wachanga wasio na kinga. Ile ziada ni ya kukufikisha kwenye chanjo ijayo.

Ndiyo maana kuwaua mbwa kwa risasi au sumu, jambo wanalolipenda baadhi ya viongozi wa vijiji, huharibu mambo. Aliyechanjwa akiuawa, mwenye zizi ataleta mwingine asiyechanjwa.

Hata hivyo, Serengeti si Tanzania yote. Lindi na Mtwara, kusini, mbweha walikuwa kama 4 kati ya kila wanyama 10 walioripotiwa kuugua kati ya 2011 na 2019. Hata huko, mbwa walipochanjwa ugonjwa ulipungua, kwa mbweha pia.

Mnadani tunakagua ng'ombe meno, kwato na karatasi zake. Mbwa anayelifuata kundi hatumuulizi mwenyewe kama amechanjwa, na ndiye anayetembea mbali. Tuanze kuuliza. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku hiyo hiyo. Dalili zikianza, hakuna dawa.