Basi la alfajiri halisubiri methadoni

KUTOKA MBEZI
Na Zuhura Mnyamani

Mpiga debe wa Mbezi Luis huanza kazi kabla ya adhana ya alfajiri. Mabasi ya Mbeya, Mwanza na Arusha hujazwa gizani, na pesa ya siku hupatikana saa zile zile. Jua likishapanda, anabaki akigombania abiria wachache na wenzake kumi. Sasa mchukue kijana huyo, tuseme anatibiwa uraibu wa unga, yaani heroini, mwambie kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo, awe hospitali ya Mwananyamala au Muhimbili asubuhi kunywa dozi yake ya methadoni mbele ya mhudumu. Ama akose vichwa, ama akose dawa. Nani kati yetu angedumu hivyo mwaka mzima?

Nauliza kwa sababu mjadala wetu kuhusu methadoni bado umekwama kwenye swali la kizamani: je, serikali haiwapi mateja unga mwingine? Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kulijibu swali hilo New York miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiingiza methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka. Ndiyo maana mtumiaji anahitaji kete asubuhi, mchana na usiku, na kila kete ina pesa yake ya kutafutwa, kwa heri au kwa shari. Methadoni hupanda taratibu, hukaa mwilini siku nzima na zaidi, huzuia arosto, yaani mateso ya kukosa unga, na dozi ikishapangwa vizuri haimleweshi aliyeizoea. Anaweza kufanya kazi, kulea mtoto, kulala usiku.

Wanaosema "si aache tu" hawajaiona arosto. Ni kutapika na kuhara, mifupa kuuma, kamasi na machozi kutiririka, usingizi kukimbia kwa siku kadhaa. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam hii hii kwamba baadhi ya wanawake walikuwa wakijidunga damu iliyovutwa kutoka kwa mwenzao aliyetoka kujidunga muda huo, wakiamini imebeba unga wa kutosha kuwatuliza. Aliyefikia kuichoma damu ya mwenzake mishipani mwake, mawaidha yetu yatamfikia wapi? Na tusisahau virusi: tafiti za miaka ile zilikuta kwamba zaidi ya mmoja kati ya watatu miongoni mwa wanaojidunga jijini walikuwa wakiishi na VVU.

Familia nyingi huku kwetu hukimbilia nyumba za kupata nafuu, zile tunazoziita soba hausi, na kulipia kila mwezi. Zipo zilizosaidia watu, sizibezi. Lakini mzazi anapaswa kuambiwa jambo moja kabla ya kutoa pesa: mwili uliokaa miezi bila unga husahau kuubeba. Kijana akitoka na kurudia kete ile ile aliyokuwa akiitumia zamani, inaweza kumuua. Tumezika vijana ambao jirani walikuwa wakisema wameshapona.

Kwa haki, nchi hii haikuchelewa. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, wakati ambapo Afrika kusini mwa Sahara, ukiiacha Mauritius iliyoanza mwaka 2006, huduma ya namna hiyo katika hospitali za umma ilikuwa haijulikani. Mwananyamala ikafuata 2012, Temeke 2014, na Zanzibar ikafungua ya kwake Kidongo Chekundu 2015. Wakenya walianza Mathari mwishoni mwa 2014, nasi tukiwa tayari na uzoefu wa kuwapa. Baadaye huduma ikafika Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Dawa yenyewe ni bure.

Nauli si bure. Mbezi Luis, ambayo zamani ilihesabiwa Kinondoni kabla Manispaa ya Ubungo haijamegwa, iko zaidi ya kilomita ishirini kutoka katikati ya jiji. Kwenda Mwananyamala unapita Kimara, Ubungo, Manzese na Magomeni, unabadili gari, halafu unarudi njia hiyo hiyo. Foleni ya Barabara ya Morogoro naijua na wewe unaijua. Mabasi ya mikoani yalihamishiwa huku kutoka Ubungo mwishoni mwa 2020, na Februari 2021 stendi ikazinduliwa rasmi kwa jina la Magufuli. Kila kinachofuata stendi kubwa kikafuata: wabeba mizigo, mama lishe, gesti, na wauza kete. Tulipanga maegesho, vyoo na fremu za maduka. Hatukupanga dirisha la dawa.

Kinachonikera ni hiki. Mgonjwa anayesumbuka zaidi na utaratibu wa kila siku ni yule ambaye dawa imemfaa. Asiye na kazi anaweza kushinda pale kliniki hadi adhuhuri, hana anachopoteza. Lakini aliyepata nafuu, akaajiriwa gereji au saluni, atamwambia nini bosi kila asubuhi? Akisema ukweli, amejitangaza kuwa alikuwa teja, na ikipotea spana ataulizwa yeye kwanza. Akidanganya, uongo una mwisho. Mwanamke mwenye mtoto mchanga naye ana foleni, jua na macho ya watu kituoni, na wanawake katika kliniki hizi tangu mwanzo wamekuwa wachache mno. Anakosa leo, anakosa kesho. Akishakosa siku kadhaa mfululizo, dozi yake haiwezi kurudishwa pale ilipokuwa bila kupimwa upya, kwa usalama wake mwenyewe. Hapo katikati arosto imeshaanza, na maskani ya wauza kete ni hatua chache kutoka nyumbani.

Wafamasia wana hoja, tena nzito. Methadoni kidogo tu inaweza kumuua mtoto aliyeikuta mezani akidhani ni sharubati. Ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi huzimisha pumzi. Na dozi ya kubeba inaweza kuuzwa uchochoroni. Kwa aliyeanza juzi, anywe mbele ya mhudumu, sina ubishi. Ila aliyetulia mwaka au miwili, vipimo vyake safi, ana mke na risiti ya kodi ya nyumba, kumtendea kama wa jana ni kumwadhibu kwa kupona. Marekani, ambako masharti yalikuwa makali kwa miongo, yalilegezwa Machi 2020 kwa sababu ya korona: mgonjwa aliyetulia aliruhusiwa kupewa dozi za hadi siku 28. Mwaka 2024 wakaifanya ruhusa hiyo kuwa kanuni ya kudumu.

Nikiwataja Wamarekani, niseme na la pili. Pesa zao, kupitia mpango wao wa ukimwi wa PEPFAR, zimebeba sehemu kubwa ya huduma hii tangu siku za Muhimbili. Januari 2025 Washington ilipositisha misaada kwa agizo la ghafla, tulionyeshwa jinsi dawa ya mtu wa Mbezi inavyoweza kutegemea kalamu iliyo mbali. Mgonjwa wa methadoni hawezi kusubiri bajeti ijayo. Ana saa ishirini na nne.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya zifanye mambo mawili kwa watu wa huku. Dozi za kubeba nyumbani, kwenye kisanduku chenye kufuli, ziwe haki ya aliyetulia badala ya kuwa hisani. Na Manispaa ya Ubungo itoe chumba karibu na stendi, chenye muuguzi, kabati la chuma na daftari, kifunguliwe kabla basi la kwanza halijaondoka. Ushuru wa mabasi yale unakusanywa kila siku hapo hapo. Muuguzi na aanze kulipwa kutoka humo.