Mwacheni Mtoto Aangalie Chini

"Niangalie machoni!" Amri hiyo huwaangukia watoto wetu wa Kasumbalesa kila wanapoulizwa swali wakainamisha uso. Mwalimu akiyakosa macho, hukumu inatoka papo hapo: hakusikiliza, au anaficha kitu. Wazazi nao wanaamini hivyo hivyo. Imani hii ni potofu, na inawaumiza watoto.

Nenda pale mpakani, malori ya shaba yanakojipanga kuingia Zambia. Mpe kambisti, yaani mbadilisha fedha, bunda la kwacha, umwombe franka za Kongo. Kabla hajataja kiasi, macho yake yanakuacha. Yanahamia kwenye matairi ya lori huku midomo ikichezacheza. Hakuna anayemwita mwongo. Anapiga hesabu, basi. Kwa nini mtoto wa miaka saba anyimwe nafasi hiyo mbele ya ubao?

Kumtazama mtu usoni ni kazi tosha kwa akili. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, waliwazoeza watoto wa miaka mitano kugeuza macho pembeni wakati wa kutafuta jibu, na watoto hao wakajibu vizuri kuliko wenzao. Mwaka 2016 Shogo Kajimura na Michio Nomura, wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliona kwamba hata watu wazima huchelewa kupata neno gumu wakitazamana na uso unaowakodolea macho kwenye skrini.

Macho ya mwalimu yana faida yake anaposimulia: akiwatazama watoto, hadithi inawakaa zaidi. Lakini mtoto anapoitafuta ile hadithi kichwani, macho hayo hayo yanamvuruga.

Na huku kwetu mzigo ni mara mbili. Nyumbani amefundishwa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Anawaza kwa Kiswahili au Kibemba, kisha, akipanda madarasa, anadaiwa jibu kwa Kifaransa. Najua walimu wamelemewa. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Hata hivyo, sekunde chache za kusubiri hazihitaji bajeti ya serikali. Uliza swali, mwalimu, kisha geukia ubao, futa tarehe ya jana, hesabu moyoni hadi tano. Na kumpigisha mtoto magoti kwa sababu ya macho yake kukome leo.