Sikukuu na Mfuko wa Karani



Mwezi wa Desemba umekaribia, na kila karani aliyeko Musoma ameanza kuulizwa na jamaa zake maswali mawili: "Utakuja lini?" na "Utatuletea nini?" Swali la kwanza ni la upendo. La pili ndilo litunyimalo usingizi, nasi twaona yafaa tulizungumze waziwazi kabla mshahara haujapokelewa, maana ukisha kupokelewa maneno yetu hayatafaa kitu.

Hali yetu yajulikana. Mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka mapema, kabla ya Krismasi. Hapo hununuliwa nguo, mchele, soda na mbuzi, tena nauli ya nyumba nzima hadi Bunda, au hadi Makutano kwa wanaokwenda Butiama. Januari ikianza, mfuko u mtupu na mshahara mwingine u mbali. Ndipo shule zafunguliwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Tulimwona mwenzetu mmoja, mtu mwema na mpole, aliyechinja ng'ombe siku ya Krismasi kwa fedha za mkopo. Mwezi uliofuata binti yake akakaa nyumbani wiki mbili kwa kukosa viatu. Deni lile alilipa pamoja na riba hata mwezi wa Agosti. Jamaa waliokula nyama hawakujua, kwa sababu hakuwaambia.

Hapo ndipo penye hatari. Wakopeshaji ambao watu wa mtaani huwaita "kausha damu" hawana huruma, na mtumishi mwenye deni, aketiye kila siku karibu na fedha za watu, yu karibu na majaribu. Karani apotezaye kazi kwa upungufu wa fedha huenda hakuanza kwa uovu; huenda alianza kwa kuona haya kwenda nyumbani mikono mitupu.

Serikali yenyewe ilipata kutuonyesha njia. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba. Watu wakafanya usafi siku ile, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwaka huo huo ofisi za Serikali zilikatazwa kuchapisha kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kwa fedha za umma. Uhuru haukupungua, wala watu hawakuacha kupendana kwa kukosa kadi. Tena Mwalimu Nyerere, alipoacha urais mwaka 1985, alirudi Butiama akalima shamba. Heshima yake haikutokana na karamu.

Wako watakaosema kwamba ukarimu ni desturi ya watu wa Mara, na kwamba sisi twafundisha ubahili. Sivyo. Wazee wetu walitoa walichovuna, hawakutoa walichokopa. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, kabla ya kununua chochote, sare na madaftari ya Januari yatengwe. Hiyo ndiyo zawadi ya kwanza ya mtoto, naye apewe siku ya sikukuu mbele ya wote, ili ajue kuwa ni zawadi. Pili, zawadi iwe moja kwa kila nyumba, wala si moja kwa kila mtu. Tatu, chakula kichangwe: atokaye Musoma alete samaki, wa Bunda alete unga, mwenye kuku alete kuku, wala asiwepo mmoja wa kubeba mzigo wa ukoo mzima. Nne, jioni moja iwe ya wazee, wawataje mababu na mahali walipotoka, na watoto wanaojua kuandika waandike majina hayo. Kazi hiyo haina gharama, na mzee akiisha kufariki haiwezekani tena. Haya twawaambia pia ndugu zetu Waislamu kwa siku za Idd, kwa kuwa deni halina dini.

Sisi tunaoandika tumeanza kwetu. Mwaka jana tulimwambia mama yetu, aliyeko Butiama, kwamba tutakuja na sukari, sabuni na samaki tu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tutalala siku mbili au tatu.